Kioo Kizima

Sauti ya babu yangu ilifika mtaani kabla yangu.

Mimi nilikuwa bado juu, nimechuchumaa kwenye ufa, vipande viwili vya kioo viko kiganjani. Redio ya nyumba ya kwanza chini yangu ikasema, "Kioo kizima. Nimekiangalia mwenyewe. Amkeni salama." Watu wakaanza kuongeza sauti mmoja mmoja, ya jikoni kwa Mama Sai, ile ya Jilala inayokwaruza, mpaka Majabalini yote ikawa inaongea kwa mdomo mmoja katikati ya mawe.

Transmita ilikuwa kwenye mkoba wangu, imezimwa. Betri nilikuwa nimeichomoa nikaiweka mfukoni, maana ukiiacha humo inajimaliza yenyewe. Simu ilikuwa mkononi kama kawaida yangu, lakini kidole kilikuwa hakijagusa kitu. Sikuwa nimerusha chochote.

Na kioo kilikuwa kimekatika katikati.

Nilishuka huku nateleza, magoti yamechubuka, na hata sikuyasikia. Babu alikuwa kwenye kiti chake juu ya Kibao, lile jiwe bapa la katikati ya mtaa, blanketi mapajani, pale pale nilipomkalisha alfajiri kabla ya kupanda. Midomo yake ilikuwa inacheza. Inafuata maneno ya redio, taratibu, kama tulivyozoea. Dirishani kwake Mama Sai alikuwa anamtazama na mwiko mkononi. Akampungia, akarudi kwenye sufuria yake ameridhika.

"Babu," nikamwambia sikioni, "acha. Siyo mimi."

Midomo yake ikaganda.

Sauti yake ikaendelea. "Mtetemo wa leo ni wa kawaida. Saa nne wataendelea na kazi yao kule chini. Tulieni ndani, msihangaike."

Nikafungua kiganja changu chini ya blanketi, akaona vipande. Aliviangalia muda mrefu. Halafu akanyanyua macho akaangalia Jiwe lenyewe, kule juu, ukubwa wa jengo la ghorofa nne, limekaa juu ya nyumba sitini.

* * *

Kioo chenyewe ni kitu cha kawaida kabisa. Kipande cha dirisha, kirefu kama rula, kimegandishwa kwa saruji upande huu wa ufa na upande ule. Jiwe likisogea hata unene wa ukucha, kioo kinakatika. Babu ndiye aliyekiweka, mwaka ule kampuni ya handaki ilipoanza kupiga baruti chini ya kilima chetu. Kila asubuhi alikuwa anapanda, anaangalia, anashuka, anasimama Kibaoni na kutangaza maneno mawili. Miaka tisa. Watu wa Majabalini hawaamki kwa jogoo wala kwa saa. Wanaamka kwa "kioo kizima."

Utauliza redio ya nini, wakati kila mtu ana simu. Ni kwa sababu ya hizo simu. Siku hizi mama yako akikupigia, unamuuliza kwanza Jumapili mlikula nini, na yeye anakuuliza wewe jirani anafuga nini. Mashine inaiba sauti ya mtu kwa sekunde chache tu. Mtaa wa Bwawani waliitwa mkutanoni kwa sauti ya mwenyekiti wao. Wamekaa uwanjani masaa mawili wanamsubiri, kumbe mwenyekiti mwenyewe kalala kwake anaumwa meno. Waliporudi, nyumba zimekombwa hadi milango. Tangu hapo, kwetu huwezi kumtoa mtu nyumbani kwake kwa sauti ya simu, hata ungekuwa malaika.

Babu alikuwa fundi redio. Akatengeneza hiyo transmita, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, waya wa urefu wa mkono ndiyo antena, masafa 88.3. Unachomeka maiki, au simu kwa waya wa spika za masikioni, unaongea, na redio zote za karibu zinakudaka. Kinafika mita mia mbili, basi, na ukiwa nyuma ya jabali hata hizo hazifiki. Udhaifu wake ndio tulioupenda. Anayekudanganya kwa redio hiyo yuko ndani ya mita mia mbili, unaweza kumfuata na ndala zako. Mtaa ukaongeza sharti moja: anayetangaza asimame Kibaoni, watu wamwone mdomo. Mdomo na redio vikienda pamoja, ni kweli.

Halafu babu akapigwa na kiharusi.

Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaisha, hata moja halikubaki. Asubuhi iliyofuata nilisimama mimi Kibaoni, nikasema kioo kizima kwa sauti yangu. Mtaa ulichafuka.

"Wewe Limi?" Mama Sai aliniambia, na yeye ndiye balozi wa nyumba kumi zetu. "Wewe ambaye simu haikutoki mkononi hata ukila? Kioo unakijulia wapi?"

Wakajaa mlangoni kwetu wanamuuliza babu mwenyewe, babu, kioo kizima? Naye anafungua mdomo, inatoka pumzi tu, machozi yanamtoka mbele za watu. Siku ya tatu Jilala, fundi viatu, akasema yeye haamini mtu, anapanda kuangalia mwenyewe. Akateleza, akavunjika kifundo cha mguu.

Mimi nilikuwa nimeshampa babu wazo, akalikataa. Kuna programu inaitwa Rejesha, ya bure, ya wagonjwa waliopoteza sauti. Unaipa rekodi za zamani, unaandika maneno, inayatamka kwa sauti ya mgonjwa. Rekodi za babu zilikuwa zimejaa simuni kwangu. Siku Jilala aliporudishwa amebebwa, babu alinyoosha mkono wa kushoto, akaisogeza simu kwangu.

Kwa hiyo siku arobaini. Mimi nimejificha kibandani nyuma ya Kibao na simu, babu kwenye kiti anachezesha midomo. Watu wakasema Mungu mkubwa, mzee kapona. Wakatulia.

Asubuhi hiyo kioo kilipokatika, baada ya kumrudisha babu chumbani, niliingia kibandani nikaifungua Rejesha na kwa mara ya kwanza nikasoma yale maandishi madogo ambayo nilikuwa nimebonyeza Nakubali bila kuyaangalia. Yalikuwa marefu. Mstari wenyewe ulikuwa karibu na mwisho: *Sauti iliyorejeshwa inaweza kutumiwa na washirika wetu katika shughuli za utulivu wa jamii.*

Nikachungulia. Ng'ambo ya bonde, kwenye nguzo ya geti la handaki, kulikuwa na kisanduku cheupe kimefungwa wiki iliyopita. Tulidhani ni taa. Sasa nikaona antena yake, inatutazama sisi.

Kila mtu Majabalini aliijua sheria ya handaki. Wakazi wakihama kwa hofu hata siku moja, kazi inasimama mpaka mlima ukaguliwe upya. Kwa hiyo kuna mtu alihitaji tukae ndani. Au hata siyo mtu.

Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu. Baruti ni saa nne.

* * *

Nitasema ukweli, wazo langu la kwanza halikuwa kuungama. Wazo langu la kwanza lilikuwa kudanganya vizuri zaidi.

Nikaandika: *Kioo kimekatika. Tokeni wote, nendeni uwanjani sasa hivi.* Nikaichagua sauti ya babu, nikachomeka waya, nikarusha.

Hakuna kilichobadilika. Redio zote ziliendelea na yule mwingine.

Hapo kuna jambo la FM ambalo babu alinifundisha nikiwa mdogo, na nilikuwa sijawahi kulihitaji. Redio ya FM haisikilizi wawili. Wakija wawili kwenye masafa mamoja, inamshika mwenye nguvu zaidi pale ilipo, na mwingine inamfuta kabisa, kama hayupo. Kile kisanduku kilikuwa na nguvu labda mara hamsini ya sabuni yangu. Lakini kilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mimi sina nguvu, ila naweza kusogea.

Nikaitia transmita begani, nikatoka. Nilipofika kwenye ukuta wa Jilala, hatua kama kumi hivi, redio yake ikaguna na kubadilika. "Kioo kimekatika. Tokeni wote."

Nikasogea mlangoni nione. Jilala alikuwa amekaa kwenye stuli, mguu wa plasta juu ya ndoo, kiatu cha mtu mkononi.

"Mzee leo vipi?" akasema bila kunitazama. "Sasa hivi kizima, sasa hivi kimekatika. Au kaona maisha yamepoa anataka tukimbizane kidogo?"

"Jilala, kimekatika kweli."

"Kasema kizima. Nimemwona kwa macho yangu, mdomo ule na redio hii." Akanionyesha kwa sindano. "Hii ya pili umemwona mtu Kibaoni? Mimi sijaona. Hao ndio wale wezi wa Bwawani, wamemwiba mzee sauti. Nenda kamwambie babu yako achunge."

Nikapiga hatua tatu nyuma na redio ikarudi kwa yule wa kwanza, katikati ya neno. Babu dhidi ya babu, na yule wa uongo ndiye aliyeonekana mdomo. Tulimsaidia sisi wenyewe.

Chini ya miguu yangu mtambo wa handaki ulikuwa unanguruma, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba hatua zangu na ule mngurumo havina tofauti, jiwe lote linatetema kidogo kidogo kama meno ya mtu mwenye homa.

* * *

Mama Sai alikuwa anaepua uji. Nikaweka vipande vya kioo mezani kwake, kando ya sukari.

"Nini hii?"

"Kioo cha kwenye ufa. Nimekitoa saa kumi na mbili kasoro."

Akakitazama. Nyuma yake redio ikasema kioo kizima, nimekiangalia mwenyewe.

"Babu yako anasema—"

"Babu hawezi kusema, mama. Hajasema neno hata moja tangu augue. Siku zote hizi ni mimi. Ni simu. Yeye anachezesha midomo tu, mimi nipo kibandani. Na leo hata mimi siyo. Wenye handaki wameichukua hiyo sauti kwa sababu niliiweka mahali ambapo wanaweza kuichukua."

Mama Sai alikaa. Sufuria ya uji aliishika mapajani na matambara yake, akasahau kuiweka chini.

"Siku arobaini," akasema.

"Ndiyo."

"Juzi nimemwamkia, nikamwambia mzee sauti imerudi kama ya kijana. Akatabasamu."

Nikaisogeza sukari mbali na vipande vya kioo.

"Na kioo? Ulikuwa unapanda kila siku, au na hiyo ulikuwa unaandika tu kwenye simu?"

Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko baruti. Ningeweza kusema kila siku. Nani angejua?

"Siku sita sikupanda," nikasema. "Zile za mvua."

Alinyanyuka, akaweka sufuria, akanizaba kofi. Siyo la hasira sana. Kama la kunifunga, la kumaliza hesabu ya jambo hilo ili tuendelee na lingine. Halafu akachukua kipande cha kioo akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Watoto wangu wawili wamelala chini ya jiwe hilo siku sita," akasema. "Haya. Sema sasa hivi, huko kwenye kidude chako, kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

"Wakijua, mama, redio imekufa. Hakuna atakayeiamini tena, hata siku ya kweli. Na babu..."

"Siku ya kweli ni leo, Limi. Unaitunzia nani hiyo redio?"

Nikawasha. Nikaacha kuandika, nikachomeka maiki ya zamani ya babu. Tukatembea, Mama Sai mbele anagonga milango kwa mwiko, mimi nyuma yake naongea.

"Mimi ni Limi, mjukuu wa Maduhu. Sauti ya babu mnayoisikia ni ya mashine. Niliitengeneza mimi. Nimewadanganya siku arobaini. Kioo kimekatika. Tokeni."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na naomba nisikione tena. Nilikuwa napita na ukweli kama mtu anayepita na taa ndogo kwenye giza. Nyumba niliyo mbele yake inaongea kwa sauti yangu. Niliyoiacha nyuma inarudi kwa babu, anasema tulieni, msihangaike. Nikigeuka nasikia sauti yake inaziba nyayo zangu moja moja. Watu wanatoka mlangoni, wananisikia, nikifika jabali la pili wanasikia yule mwingine, wanarudi ndani. Mama mmoja alitoka mara tatu na mtoto mgongoni, akarudi mara tatu. Mara ya mwisho akafunga kwa komeo.

"Limi, mwanangu, hata kama unasema kweli," baba mmoja akaniambia kwa upole kabisa kupitia dirisha, "wewe umeshasema kwamba ni mwongo. Sasa nikuamini lini, kabla au baada?"

Saa tatu na dakika kumi. Walioshuka uwanjani walikuwa labda nyumba kumi na tano. Jilala alikuwa mmoja wao. Alitoka anachechemea na redio yake kwapani, akauangalia mguu wake, akaniangalia mimi, akasema tu, "Kumbe nilivunjika bure." Hakucheka.

* * *

Sikumwona babu akitoka. Niliona watu wanageuka.

Alikuwa ametembea mwenyewe, na fimbo, kutoka chumbani mpaka Kibaoni. Hatua ishirini zile zilikuwa zinatuchukua robo saa mimi nikiwa nimemshika. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama mahali pake pa miaka tisa, pale jiwe lilipochakaa kwa ndala zake, uso umeelekea madirishani.

Redio zote zikasema, "Kioo kizima. Nimekiangalia mwenyewe."

Babu akanyanyua mkono wa kushoto, akaufunika mdomo wake.

"Mtetemo wa leo ni wa kawaida," ikasema sauti yake.

Kiganja hakikutoka. Alizungusha kichwa taratibu, dirisha hadi dirisha, kila mtu amwone, wa juu na wa chini. Fimbo ilikuwa imeanguka na hakuiokota. Mwili wake ulikuwa unayumba kidogo. Sauti yake ilikuwa inaongea kutoka kila chumba, imara, ya kijana, na yeye mwenyewe amesimama katikati yake amejiziba, macho yamejaa maji, mbele ya watu ambao siku arobaini walikuwa wanamsifu amepona.

Nilisikia komeo linafunguliwa. Yule mama wa mtoto mgongoni akatoka, akamtazama babu, akainama kidogo kama anavyoinama mtu anayepita mbele ya msiba, akaanza kushuka. Nyuma yake mlango mwingine. Halafu yote, kama mvua inavyoanza kwenye bati, tone, tone, kisha huwezi kuhesabu tena. Magodoro, mabeseni, kuku miguu imefungwa, mzee mmoja kabebwa kwenye kiti cha plastiki.

Nikamkimbilia. "Babu, twende."

Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa macho nyumba za juu kabisa, karibu na ufa, ambako milango mitatu ilikuwa bado imefungwa. Akiondoka, wale watabaki na sauti tu.

"Shuka na watu," Mama Sai akaniambia. "Uwanjani wanakuuliza wewe. Wakikukosa watarudi. Nitamtuma Jilala na wenzake waje na kiti."

Nikashuka. Naikumbuka kila hatua.

* * *

Uwanja uko ng'ambo ya bonde, karibu na geti la handaki, chini ya ile nguzo. Mlinzi wa geti alikuwa anatushangaa. Mama Sai akamfuata mpaka kwenye waya.

"Nani anaongea humo?" akamwonyesha kisanduku kwa mwiko. "Mwite atoke tumwone."

"Hakuna mtu, mama," mlinzi akasema. "Ni mfumo. Unasikiliza wenyewe, unajibu wenyewe. Eti ni wa kuzuia taharuki. Hata mimi unaniamkia asubuhi kwa jina."

"Basi waambie wakubwa zako wazuie baruti. Jiwe limesogea."

"Nimepiga simu mara nne. Wananiuliza watajuaje kama ni mimi."

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Nyumba sitini zilikuwa uwanjani, zote isipokuwa mbili. Nilikuwa naanza kupumua. Nikaizima transmita, nikaichomoa betri.

Redio ya Jilala ilikuwa imeachwa juu ya godoro la mtu. Ikaguna. Sauti ya babu ikakatika katikati ya neno, kukawa na kimya cha pumzi moja.

"Mimi ni Limi, mjukuu wa Maduhu."

Watu wakanigeukia.

"Nimewadanganya tena. Naomba mnisamehe. Kioo hakijakatika, nilikivunja mimi. Mnajua nilivyo. Kioo kizima. Rudini majumbani."

Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa na ule mkwamo wangu mdogo kabla ya neno *kizima*, na uchovu wa asubuhi hiyo hiyo, wa kutembea na kuongea. Nilikuwa nimeupa ule mfumo zaidi ya masaa mawili ya kunisikiliza. Na ilikuwa inasema jambo ambalo watu wote pale, ndani ya mioyo yao, walitamani liwe kweli.

"Si nilisema?" mtu akasema nyuma. Beseni likainuliwa. Nikaona migongo inageuka kuelekea kilimani.

Nikafungua mdomo nipige kelele msirudi. Nikaona uso wa Mama Sai. Alikuwa hanitazami macho, ananitazama mdomo, na nikaelewa.

Nikaufunga. Nikaweka kiganja juu yake.

Mama Sai akanyang'anya mtu ndoo, akaipindua, akanisimamisha juu yake kama mtoto. "Mtazameni," akasema, hakupaza sana. "Mtazameni mdomo, halafu sikilizeni."

"Rudini majumbani," ikasema sauti yangu kutoka kwenye godoro. "Kioo kizima."

Waliokuwa wameanza kupanda wakasimama. Mmoja akaweka godoro chini. Mwingine akabaki na mguu mmoja kwenye njia, ananitazama, anangoja. Wa nyuma walikuwa wananyoosha shingo. Nikazungusha kichwa taratibu, upande hadi upande, kama nilivyomwona yeye akifanya.

Toka pale juu ya ndoo niliona Kibao. Milango miwili ya mwisho ilikuwa wazi sasa, watu wanashuka wanakimbia. Jilala na vijana wawili walikuwa wamefika kwa babu, wamemkalisha kwenye kiti, wanamnyanyua. Jilala anachechemea. Njia ya kushuka inapita chini ya Jiwe lote, na kwa kiti ni dakika kumi, kumi na mbili.

King'ora cha kwanza cha baruti kikalia. Kikilia hicho zinabaki dakika kumi.

Nilitaka kumwita Jilala apite njia ya maji, ile fupi. Naijua mimi, nimeishuka asubuhi ile kwa magoti. Ilikuwa sentensi moja tu, na sauti ninayo, ingefika. Lakini redio ilikuwa imeshaanza kwa sauti yangu, "Jilala, jamani, mrudisheni babu, jua kali," na nikiutoa mkono tutakuwa Limi wawili, na watu mia tatu wamesimama mguu mmoja njiani.

Babu alikuwa kwenye kiti, wanamshusha, kichwa kinayumba kila hatua. Hakuutoa mkono mdomoni. Nadhani aliniona. Nikaukaza na mimi wa kwangu, mpaka meno yakanikata mdomo kwa ndani, nikawa nahesabu hatua za Jilala.